Matangazo ya Kutafuta Watoro

Msomaji, ukiulizwa utaje aina za maandishi, bila shaka utataja hadithi, shairi, tamthilia, barua, hotuba na insha. Ni wachache watakaokumbuka kutaja tangazo la gazeti. Tangazo halihesabiwi miongoni mwa maandishi ya heshima. Lilitungwa lifanye kazi, na kazi yake ikiisha gazeti hufungiwa sukari dukani. Lakini yako matangazo ya zamani ambayo kila mtu anayejifunza uhakiki yampasa ayasome walau mara moja, kwa kuwa yanafundisha jambo ambalo vitabu vingi vizuri havifundishi: namna ya kusoma maneno ya mtu ambaye hakukusudia kukuambia kweli yote. Hayo ni matangazo yaliyopigwa chapa katika magazeti ya Marekani, kwa muda wa zaidi ya miaka 150, ya kuwatafuta watumwa waliotoroka.

Kwanza tujue habari yenyewe. Watu wa kwanza kutoka Afrika wanaotajwa katika kumbukumbu za Virginia, koloni la Waingereza, walifikishwa huko mwaka 1619. Baadaye utumwa ukaenea katika makoloni yote ya Waingereza ya upande ule, ya kusini na ya kaskazini pia. Mwaka 1704 lilianzishwa mjini Boston gazeti lililoitwa Boston News-Letter, la kwanza kudumu katika makoloni hayo, na haukupita muda likaanza kuchukua matangazo ya watoro. Mengine yalifuata: Pennsylvania Gazette mjini Philadelphia, Virginia Gazette mjini Williamsburg, na mengi zaidi. Desturi hiyo haikukoma makoloni yalipojitangazia uhuru mwaka 1776. Iliendelea mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe, na utumwa ukakomeshwa kwa Badiliko la 13 la Katiba mwaka 1865. Wataalamu wa siku zetu wamekwisha kukusanya makumi ya maelfu ya matangazo hayo.

Wapiga chapa waliyapenda, kwa maana yalilipiwa. Hata Benjamin Franklin, ambaye sifa zake za hekima zimeenea duniani, aliyapiga chapa katika gazeti lake la Philadelphia tangu alipolinunua mwaka 1729. Jambo hili lastahili kukumbukwa, kwa sababu Franklin mwenyewe alikuwa mtoro wa namna fulani. Mwaka 1723, akiwa kijana wa miaka 17 aliyefungwa kwa mkataba kujifunza kazi kwa kaka yake mjini Boston, aliuvunja mkataba akakimbia. Utoro wake uliwaletea watu wa Marekani mwanasayansi na mwanasiasa. Utoro wa wengine ulimletea yeye fedha za matangazo. Katika uzee wake, mwaka 1787, alichaguliwa kuwa rais wa chama cha kupinga utumwa katika Pennsylvania. Binadamu hujifunza polepole, na wengine hulipa gharama ya masomo yake.

Sasa tulitazame tangazo lenyewe kama tunavyolitazama shairi, tukianza na umbo. Umbo lilikuwa karibu moja kila mahali. Juu, aghalabu, palikuwa na picha ndogo iliyochongwa katika ubao: mtu anatembea kwa haraka, fimbo mkononi, kitita begani. Picha hiyo ilikuwa moja kwa watoro wote. Mpiga chapa aliiweka akiba kama alivyoweka picha ya meli na picha ya farasi, akaitoa kila alipoletewa habari ya mtoro mwingine. Chini yake ilikuja zawadi atakayopewa mkamataji. Kisha jina la mtoro, umri, kimo, rangi, makovu, nguo alizovaa na alizochukua, kazi aijuayo, namna anavyosema, na mahali anapodhaniwa kuelekea. Halafu mara nyingi lilifuata onyo kwa manahodha wasimpakie chomboni, na mwisho jina la bwana.

Hapo ndipo ajabu ya matangazo haya ilipo. Picha inasema watu hawa ni wamoja. Maneno yaliyo chini ya picha yanalazimika kusema kwamba huyu si yule. Sheria ilimhesabu mtumwa kuwa mali, pamoja na farasi na viti vya nyumbani. Lakini farasi akipotea, yatosha kutaja rangi yake na alama aliyopigwa. Farasi hapotei kwa kubadili jina. Hajiandikii cheti cha bandia, wala hamwambii mlinzi wa daraja kwamba ametumwa na bwana wake. Mwenye mali aliyetaka kumrudisha mtu hakuwa na budi kueleza kwamba huyo anayemtafuta ana akili, ana ulimi mwepesi, anajua kusoma, anapiga fidla, anasema Kiholanzi pamoja na Kiingereza, anatabasamu akisemeshwa, au anagugumia akiogopa. Ili aipate tena mali yake, alikiri hadharani kwamba si mali. Mdomo uliponza kichwa.

Lakini tusiharakishe kufurahi. Mtu anaweza kusema kweli katika mstari wa kwanza na kusema uongo katika mstari wa tano. Basi tutajuaje lipi la kusadiki na lipi la kutilia shaka? Kuna kanuni moja nyepesi, nami naomba uishike vizuri, kwa kuwa itakufaa katika maandishi mengi mengine: mwandishi wa tangazo husema kweli pale ambapo uongo ungemtia hasara, na huweza kudanganya pale ambapo kweli ingemwaibisha. Akikosea kimo cha mtoro, hatampata. Akikosea kovu, hatampata. Kwa hiyo katika mambo ya mwili, nguo na ufundi yeye ni shahidi mzuri kupita wengi. Lakini akifika kwenye sababu ya kutoroka, hapo hana hasara ya kusema uongo. Hapo ana kila sababu ya kunyamaza.

Tuijaribu kanuni hiyo kwa tangazo maarufu. Tarehe 14 Septemba 1769 Virginia Gazette lilichapisha tangazo la kijana mmoja mwenye shamba katika wilaya ya Albemarle. Kijana huyo alikuwa na umri wa miaka 26, na jina lake ni Thomas Jefferson. Aliyetoroka aliitwa Sandy. Jefferson anaeleza kwamba Sandy ni chotara wa rangi nyeupe kidogo, umri wake yapata miaka 35, kimo chake ni kifupi na mwili wake unaelekea unene. Ni mshona viatu, na katika kazi hiyo hutumia zaidi mkono wa kushoto. Anaweza pia useremala usio wa ustadi mwingi, na anajua mambo ya farasi wa mashindano. Halafu sauti inabadilika. Sandy, asema bwana wake, ni mlevi sana, na akilewa huwa fidhuli na mfanya fujo. Huapa ovyo katika mazungumzo, na mwenendo wake ni wa ujanja na hila. Ameondoka na farasi mweupe mwenye makovu ya hatamu za kukokotea, na amechukua vifaa vyake vya kushonea viatu. Atakayemleta atapata shilingi 40 akimkamata wilayani, pauni 4 akimkamata kwingine katika koloni, na pauni 10 akimkamata katika koloni jingine.

Soma tena, polepole. Sehemu ya kwanza ni ushahidi safi. Mkono wa kushoto ni jambo dogo, lakini mtu aliyeandika hivyo alikuwa amemtazama Sandy akifanya kazi. Katika maneno machache tunamwona fundi ameinama juu ya kiatu, sindano katika mkono ambao watu wengi hawautumii. Mtunzi mzuri wa hadithi angeona fahari kupata alama kama hiyo. Jefferson hakuitafuta kwa ajili ya uzuri. Aliihitaji, kwa sababu katika Virginia nzima washona viatu walikuwa wengi, na washona viatu wanaotumia mkono wa kushoto walikuwa wachache.

Sehemu ya pili ni ya namna nyingine. Ulevi, ufidhuli na hila haviwezi kupimwa kwa futi. Yawezekana Sandy alikuwa mlevi. Wako walevi katika kila taifa na kila daraja. Lakini jiulize ufidhuli maana yake nini mbele ya mtu anayedai kukumiliki. Jiulize pia hila ni nini. Mtu huru akipanga safari yake kwa siri na kuifanikisha, twasema ana busara. Mtumwa akifanya vivyo hivyo, tangazo lasema ana hila. Tendo ni lile lile. Kilichobadilika ni aliyeshika kalamu. Akutukanaye hakuchagulii tusi, nasi hatuna neno la Sandy la kuweka upande wa pili wa mizani.

Lakini hebu tazama alichochukua. Hakuchukua farasi peke yake. Alichukua vifaa vyake vya kazi. Mtu anayekimbia kwa hasira ya ulevi hasiti kufungasha sindano, nyundo na vibao vya viatu. Anayefungasha vitu hivyo anafikiri juu ya mwezi ujao na mwaka ujao: atakula nini, atalipa nini, ataishi vipi kwa mikono yake mwenyewe. Jefferson aliliona hilo, kwa maana anasema kwamba huenda Sandy akatafuta kazi kwa njia hiyo. Basi katika tangazo hilo hilo, mtu aliyeitwa mlevi mwenye fujo anathibitishwa kuwa fundi mwenye mpango. Mwandishi amejipinga mwenyewe bila kujua, na mhakiki hana haja ya kuleta hoja kutoka nje.

Sandy alipatikana, akarudishwa. Mwaka 1773 Jefferson alimuuza kwa pauni 100. Miaka mitatu baadaye Jefferson aliandika Tangazo la Uhuru la Marekani, linalosema kwamba watu wote wameumbwa sawa. Hayo nayo ni matangazo mawili ya kalamu moja. Wengi hulisoma la pili bila la kwanza. Mimi nasema yasomwe pamoja, si kwa nia ya kumzomea marehemu, ila kwa sababu la kwanza linatuonyesha jinsi lile la pili lilivyokuwa jepesi kuandikwa na zito kutimizwa. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Sasa twende kwenye ule mstari ambao uongo wake haumgharimu mwandishi kitu, yaani mstari wa sababu. Tarehe 21 Mei 1796, mjini Philadelphia, msichana mmoja mtumwa aliondoka katika nyumba ya Rais George Washington asirudi. Jina lake Ona Judge, na nyumbani kwa rais waliandika Oney. Baada ya siku mbili msimamizi wa nyumba ya rais, Frederick Kitt, alitia saini tangazo. Linasema ni msichana wa umri wa miaka 20 hivi, mwembamba, mwenye umbo zuri, uso wa madoadoa, macho meusi sana na nywele nyeusi zilizojaa. Linaeleza kwamba ana nguo nyingi nzuri za namna mbalimbali. Linawaonya manahodha, kwani huenda akajaribu kusafiri kwa bahari, na inasemekana ana fedha za nauli. Zawadi ni dola 10. Kisha linaongeza kwamba hakuna aliyeshuku kuwa angeondoka, wala hakuna aliyemchokoza hata aondoke, na kwa hiyo si rahisi kukisia alikokwenda.

Hakuna aliyemchokoza! Hapa, tofauti na habari ya Sandy, tunayo bahati ya kumsikia mwenyewe. Ona Judge alifika Portsmouth, katika jimbo la New Hampshire, akaolewa na baharia, akazaa watoto, akaishi hadi mwaka 1848. Katika uzee wake, mwaka 1845 na mwaka 1847, magazeti mawili ya watu waliopinga utumwa yalichapisha habari zake kama alivyozisimulia. Alieleza kwamba jamaa ya Washington walipokuwa wakifungasha vyao kurudi Virginia, naye alikuwa akifungasha vyake, na kwamba vitu vyake vilikuwa vimekwisha kupelekwa nyumbani kwa rafiki zake weusi wa mji ule. Aliondoka wakati mabwana walipokuwa mezani wakila chakula. Alijua kwamba akirudishwa Virginia hatapata uhuru wake kamwe, na alikuwa amesikia kwamba atapewa mjukuu wa bibi yake, Martha Washington, awe mali yake. Washington alituma watu wamrudishe; hawakufaulu. Alipoulizwa, baada ya maisha ya umaskini na misiba, kama hakujuta kuondoka katika nyumba ya fahari, alijibu kwamba hajuti, kwa kuwa yu huru.

Je, Kitt alisema uongo? Labda alisadiki kila neno aliloandika. Katika nyumba ile, kuchokozwa maana yake ilikuwa kupigwa au kutukanwa, na Ona alikuwa akivaa vizuri. Kumpa mtu kwa mtu mwingine kama zawadi hakukuhesabiwa kuwa uchokozi. Tazama basi jinsi neno moja linavyoweza kutufungulia nyumba nzima. Bwana anaposema hakuna sababu, anatuambia kwa usahihi kabisa ni mambo gani ambayo yeye hayaoni kuwa sababu.

Nawe usidhani hilo lilikuwa neno la mtu mmoja. Mwaka 1835, katika gazeti la American Beacon la mji wa Norfolk, daktari mmoja wa Edenton katika North Carolina, James Norcom, alitangaza zawadi ya dola 100 kwa kumpata Harriet Jacobs, mwanamke wa miaka 21. Anamsifu kwamba husema kwa urahisi na ufasaha, ana mwenendo wa kupendeza, na ni mshonaji hodari. Kisha anaandika kwamba ametoroka bila sababu wala uchokozi wowote unaojulikana, na kwamba huenda anakusudia kwenda Kaskazini. Lakini Harriet aliishi akaandika kitabu, kilichotoka mwaka 1861, na humo ulimwengu ukaijua sababu. Daktari huyo alikuwa amemwandama kwa tamaa mbaya tangu alipokuwa msichana mdogo. Tena, wakati watu wakimtafuta njia za Kaskazini, yeye alikuwa amefichwa mjini mle mle. Alikaa karibu miaka saba katika dari ya nyumba ya nyanya yake, mahali pasipoweza kusimamika, akapata nafasi ya kukimbia mwaka 1842. Aliyeandika kuwa sababu haijulikani ndiye aliyekuwa sababu.

Kwa haki, nakiri kwamba wako waandishi ambao hawakuficha kitu. Mwaka 1804 Andrew Jackson wa Tennessee, ambaye mwaka 1829 alikuja kuwa rais wa nchi yake, alitangaza zawadi ya dola 50 kwa mtumwa aliyetoroka. Aliongeza ahadi nyingine: dola 10 kwa kila viboko 100 atakavyopigwa mtoro huyo na mtu yeyote, mpaka viboko 300. Katika tangazo hili hatuhitaji kufumbua fumbo. Lakini mhakiki mwema anauliza pia swali la pili, nalo ni hili: mwandishi alidhani anamwandikia nani? Mtu hachapishi jambo gazetini ikiwa anaamini kwamba majirani watamwona mnyama. Jackson aliandika hivyo kwa kuwa alijua wasomaji wake watapitisha macho, waende kwenye tangazo la mbegu na la nyumba ya kupanga. Na zaidi ya hayo, aliwaajiri. Kila tangazo la mtoro lilimfanya msomaji awe askari asiye na sare: liliweka macho ya bwana katika uso wa muuza duka, wa mvuvi, wa nahodha, wa mtoto aliyejua kusoma. Sheria ya mwaka 1793 na ile kali zaidi ya mwaka 1850 ziliwapa mabwana haki ya kuwafuata watoro hata katika majimbo yasiyokuwa na utumwa. Maandishi hayaelezi ulimwengu tu. Mara nyingine huwapa watu kazi ya kufanya ndani yake, njema au mbaya.

Lakini kama maandishi yale yaliweza kuajiri wasomaji wabaya, yaliweza pia kukutana na wasomaji wema. Mwaka 1839 kilitoka mjini New York kitabu kilichoonyesha utumwa wa Marekani jinsi ulivyo, kwa mkono wa Theodore Weld. Waliomsaidia ni mkewe Angelina Grimké na shemeji yake Sarah Grimké, ndugu wawili waliozaliwa Charleston katika nyumba ya wenye watumwa na kuikana desturi ya kwao. Mabibi hao walikaa wakasoma maelfu ya magazeti ya Kusini, wakikata na kupanga matangazo. Walijua kwamba watu wa Kaskazini hawangesadiki maneno ya mtumwa, wala maneno ya wapinga utumwa. Basi walileta maneno ya mabwana wenyewe. Huyu anasema mtoro wake ana makovu mengi ya viboko mgongoni. Yule anasema wake amepigwa chapa ya moto shavuni. Wa tatu anasema wake ameondoka na pingu ya chuma shingoni. Mabwana waliandika alama hizo ili watu wakamatwe; hawakufikiri kwamba wanaandika hati ya mashtaka. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Charles Dickens naye aliyaingiza matangazo ya namna hiyo katika kitabu chake cha safari ya Marekani, cha mwaka 1842, na wasomaji wa Uingereza wakayaona.

Mabibi Grimké ndio wahakiki wetu wa kwanza wa maandishi haya, nao waliitumia ile ile kanuni niliyoitaja. Walishika sehemu ambayo mwandishi hakuweza kudanganya, wakaiacha izungumze.

Labda wewe msomaji utasema: kuna faida gani kuwasoma watu hawa kwa maneno ya adui zao? Je, si afadhali kuyatupa matangazo, tusome vitabu walivyoandika waliokuwa watumwa wenyewe? Hoja hiyo ni nzito, na vitabu hivyo yatupasa kuvisoma. Lakini walioandika vitabu ni wachache sana. Sandy hakuandika. Maelfu kwa maelfu kama yeye hawakuandika, kwa kuwa katika majimbo mengi ya Kusini ilifika wakati sheria zikakataza kumfundisha mtumwa kusoma. Kwao, mistari sita au saba ya gazeti ndiyo kaburi na ndiyo shahada. Tukiitupa, tunamsaidia bwana kuwafuta.

Hata hivyo tusome kwa tahadhari. Matangazo hayakuwataja wote waliotoroka. Wanaume ni wengi ndani yake kuliko wanawake, maana mwanamke mwenye watoto wachanga alizuiwa na mapenzi yake kuliko na minyororo. Aliyekimbia siku chache akamtazame mkewe shamba la mbali, kisha akarudi, kwa kawaida hakutangazwa. Hata jina si la kutegemewa. Mabwana walipenda kuwaita watumwa wao Caesar, Pompey au Venus, kwa mchezo au kwa dhihaka, na mara nyingi tangazo lenyewe linakiri kwamba mtoro hujiita kwa jina jingine. Mwandishi wa tangazo alikusudia alama hiyo iwe ya kumtambulisha mwongo. Sisi tunaweza kuisoma kuwa alama ya mtu aliyejichagulia jina.

Na sisi wasemaji wa Kiswahili tuna jambo la kujiuliza wenyewe katika habari hii. Neno mtoro tunalitumia leo kwa mwanafunzi aliyekwepa masomo. Lakini katika pwani yetu, katika karne ya 19, watoro walikuwa watumwa waliokimbia mashamba ya Malindi na Mombasa wakajenga vijiji vyao ndani, mahali kama Fuladoyo, au wakakimbilia kwenye misheni ya Rabai. Neno ni la mwenye shamba, linamtaja mtu kwa lile alilomkosesha bwana wake. Nimelitumia katika makala hii tangu kichwa chake, kwa maana ndilo tulilo nalo. Ila ujue, kila unapolitamka, limetoka kinywani mwa nani. Mtu yule yule, kinywani mwa mkewe na wanawe, asingaliitwa mtoro, angaliitwa aliyenusurika.

Baki jambo moja, nalo ndilo linalonifanya niyahesabu matangazo haya kuwa sehemu ya elimu ya kila msomaji. Baada ya mwaka 1865, waliokuwa watumwa waliichukua ile ile aina ya maandishi wakaigeuza. Magazeti ya makanisa yao, kama Christian Recorder la Philadelphia na Southwestern Christian Advocate la New Orleans, yalijaa matangazo ya watu wanaowatafuta wazazi, wake, waume na watoto waliouzwa mbali nao. Utaona humo mambo yale yale: jina, umri, mahali alipoonekana mara ya mwisho, jina la bwana wa zamani. Gazeti la New Orleans liliwaomba wachungaji wayasome kanisani, ili hata asiyejua kusoma asikie. Mengine yaliandikwa miaka 20 baada ya uhuru, na wengine waliotafutwa walikuwa wametengwa na jamaa zao tangu utotoni.

Yaweke matangazo mawili hayo bega kwa bega. Katika la kwanza bwana anaeleza mwili kwa ukamilifu na hajui sababu. Katika la pili mama hawezi kueleza mwili, kwa kuwa mwanawe aliuzwa mtoto mdogo na sasa ni mtu mzima asiyemjua sura. Lakini sababu anaijua, na anaitaja: nani aliuza, nani alinunua, mwaka gani. La kwanza linaahidi fedha. La pili aghalabu halina zawadi ya kutoa, linaomba tu. Umbo ni lile lile, na tofauti yote iko katika nia ya anayetafuta.

Basi, msomaji, utakaposhika gazeti, kitabu au hata barua ya serikali inayoeleza habari za watu ambao hawakupewa nafasi ya kusema, fanya mambo matatu. Tafuta mahali ambapo mwandishi hakuwa na budi kusema kweli, ukapashike. Tafuta mahali aliponyamaza, uulize kimya hicho kinamfaa nani. Kisha mtazame yule anayeelezwa, umfikirie kama mtu mwenye safari yake, siyo kama kitu kilichopotea. Sandy aliondoka Albemarle juu ya farasi mweupe mwenye makovu, na vifaa vyake vya kushonea viatu kifurushini. Bwana wake aliona hasara ya farasi na mtumwa. Wewe unaweza kumwona fundi anayekwenda kutafuta kazi.